Mwili wa Kuonyesha Wakwe

Katika ukoo wetu hakuna mtu mnene. Baba yangu alizikwa akiwa mwembamba vile vile alivyooa, ndugu zangu wote ni watu wa mifupa mirefu, na mimi mwenyewe, Edinah, nimezaa watoto watano na bado wanawake sokoni huniuliza kama chakula cha Kitale kimenikataa. Zamani hilo halikuwa neno. Mwembamba alikuwa mwembamba, akapewa jembe kama wengine. Lakini ikafika ile miaka ambayo kila Jumamosi kulikuwa na turubai la matanga mahali fulani, kuanzia Kiminini mpaka Bungoma, na watu wakajifunza kukagua mwili wa mwenzao kama wanavyokagua ng'ombe mnadani. Mnene ni mzima. Mwembamba ana silimu, yaani UKIMWI. Hapo ndipo ukoo wetu ulipoanza kuteseka, na aliyeteseka kuliko sisi sote ni Ivy, binti ya kaka yangu.

Mimi ni senge yake, yaani dada ya baba yake, na kwetu Wabukusu senge ndiye anayesema na msichana yale ambayo mama yake hawezi kuyatamka. Nilikuwa na cherehani kwenye veranda ya duka moja mjini Kitale, na Ivy aliishi kwangu akiuza mbegu na dawa za mifugo katika duka la jirani. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mcheshi, hajui hata homa, anabeba gunia la mbolea mpaka kwenye mkokoteni bila kuita mtu. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na alizaliwa nayo.

Mwanamume wa kwanza kumkimbia alikuwa Kipkosgei, mwalimu kutoka Endebess. Walikuwa wamependana kweli, na watu wake walikuwa wanajitayarisha kuja kwetu. Asubuhi moja akaja peke yake kwenye cherehani yangu, akasimama pale akichezea kifungo cha koti lake.

"Senge, si mimi," akasema. "Ni watu tu."

"Watu wanasema nini?"

"Si unajua vile vijana huongea. Ati amekanyaga waya, ana silimu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi najua hana kitu. Lakini nikimpeleka nyumbani vile ako, mama ataangalia tu hiyo mikono."

"Basi nendeni mpimwe wote wawili, umpelekee mama yako jibu."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Sasa nikionekana naingia pale, si watasema hata mimi?"

Akaenda zake. Baadaye nilisikia ameoa Jepkorir fulani mwenye mwili wa kutosha, na Mungu awabariki, mimi sina ugomvi na makalio ya mtu. Ila nilikasirika, na bado nimekasirika. Kijana aliyesoma mpaka chuo cha ualimu aliogopa mlango wa chumba cha kupimia kuliko alivyoogopa kumpoteza msichana aliyempenda.

Nilimpeleka Ivy kupimwa mimi mwenyewe. Akadungwa kidole, tukangoja, mshauri akamwambia hana virusi na akamtakia heri. Hawakuwa wakitoa cheti siku hizo, ni neno tu. Tulipotoka nje nilicheka kwa furaha, nikamwambia twende tukale chapati. Yeye hakucheka.

"Sasa nitamwambia nani, senge?" akauliza. "Nitembee na spika?"

Chapati tulikula, lakini alikula kama mtu anayefanya kibarua.

Hesbon alikuja msimu wa kupanda uliofuata, akitafuta mbegu ya shamba la mama yake. Alikuwa mtu wa Bumula, karani katika ofisi moja mjini Bungoma, mwanamume wa shati lililopigwa pasi na shingo iliyojikunja nyuma mara mbili. Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki. Wengine walisema ni malaria, wengine walisema karogwa, lakini wote walikubaliana kwamba alizikwa akiwa amebaki mifupa. Hesbon hakuficha hilo. Alikuwa mpole, na alimsemesha Ivy kwa adabu. Alirudi dukani tena na tena hata msimu wa kupanda ukaisha na hakuna mbegu iliyobaki ya kununua. Ivy akaanza tena kuimba akiosha vyombo. Niliufurahia wimbo huo, nisiseme uongo.

Kisha Hesbon akamwambia ukweli wake. "Mimi nakupenda vile uko," alimwambia. "Lakini mama ameapa. Baada ya ile tulizika, hawezi kubali musichana mwembamba tena aingie kwa hiyo boma. Nitakupeleka wakuone baada ya mavuno. Jaribu kujaza mwili kidogo, bana."

Jaribu kujaza mwili kidogo! Utadhani ni debe. Ivy alijaribu. Alikula maparachichi, akanywa maziwa mala asubuhi na jioni, akakaanga mayai mpaka nyumba nzima ikanuka mafuta. Kila Jumapili alisimama mbele ya kioo changu cha wateja, akijigeuza huku na huku, na kila Jumapili kioo kilimwonyesha binti ya kaka yangu vile vile. Ukoo ulikuwa umekataa. Mavuno yalipokaribia akaacha kuimba.

Ndipo alipompata mama mmoja mwenye kikapu. Alikuwa mwanamke wa heshima tu, mwenye leso safi, anayezunguka masoko ya kutoka Kitale mpaka mpakani akiuza sabuni na manukato, na chini ya sabuni kulikuwa na vidonge vidogo vyeupe vilivyofungwa kwenye vipande vya nailoni. Havikuwa na jina. Ukiuliza ni vya nini, alijigonga shavu kwa kidole akacheka. Vilifanya kazi, hilo lazima niseme. Kabla mahindi hayajakauka shambani, uso wa Ivy ulikuwa umeviringa, shingo imejaa, tumbo limetangulia mbele. Nilimpanulia sketi zake zote, halafu nikachoka kupanua, nikamshonea mpya.

Mji mzima ulimpongeza. Wanawake waliokuwa wakimpita kimya sasa walisimama kumsalimia. "Ivy! Umependeza! Sasa ndiyo unafanana mtu." Alizipokea sifa hizo akiwa na aibu na furaha pamoja. Mimi niliona mambo mengine, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nampima nguo. Miguu yake ilikuwa imebaki ile ile myembamba. Kwenye tumbo ngozi ilikuwa imepasuka mistari ya zambarau. Ukimshika mkono kwa nguvu kidogo, kesho yake kulikuwa na alama nyeusi.

"Ni dawa gani isiyo na jina?" nikamuuliza. "Hata dawa ya kupe ina jina. Wewe si unaiuza?"

"Senge, usiniharibie."

"Na huyo Hesbon, aliyemzika mke vile, umemwambia mkapimwe?"

Akaweka chini kikombe. "Umemwona Hesbon? Umeona shingo yake? Mtu mgonjwa anakaa vile?"

"Wewe ulikuwa unakaa kama mgonjwa na hukuwa."

"Mimi nilikuwa mwembamba," akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Yeye ni mnene. Nikimwambia twende tupimwe, ataniuliza nina shida gani. Nimefika hapa kwa mwili, senge. Usinirudishe nyuma kwa maneno."

Nilisema na mama yake, nikasema na baba yake, ambaye ni kaka yangu na mkaidi kunizidi. Akaniambia binti amepata mtu wa ofisi, na mimi natafuta shimo kwenye nguo mpya. Basi tukaenda Bumula.

Siku hiyo ya kuonwa siisahau. Tulikaribishwa sebuleni, vitambaa vya kufuma kila mahali, kuku watatu wamechinjwa. Mama yake Hesbon alimwita Ivy akae karibu naye, akamshika mkono wa juu, pale chini ya bega, akauminya. Hakuona haya. Shangazi wawili nao wakaja wakaminya. Nilikuwa nimeketi hapo hapo nikiwatazama wanapima binti yetu kama kuku wa Krismasi, na binti yetu anatabasamu.

"Huyu ndiyo musichana sasa," mama yake Hesbon akasema, machozi yakimlengalenga. "Huyu ata Mungu ameona. Hatutaki kuzika tena. Kula, mwanangu, mwili haujengwi na matofali."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alikuwa mama aliyeogopa. Alikuwa ametunza yule mke wa kwanza mpaka mwisho, akamwosha na kumgeuza kitandani, na mtu aliyefanya hivyo hawezi kulaumiwa kwa kuogopa mifupa. Wakamkubali Ivy siku hiyo hiyo. Ng'ombe wakapelekwa kwa kaka yangu, na harusi ikafanywa kanisani mwezi wa Desemba, mwaka wa elfu mbili na nne.

Alipokuja kunitembelea mara ya kwanza baada ya harusi, nilimuuliza yale ambayo senge huuliza. Akavuta uzi uliojitokeza kwenye leso yake.

"Taa tunazima," akasema. "Mimi sitaki aone tumbo langu, ile mistari. Nilikuwa naogopa ataniuliza kwa nini. Lakini hata yeye anapenda giza, senge. Yeye ndiye huzima kwanza. Anavua nguo kama taa imeshazimwa, na asubuhi anaamka kabla yangu anavaa."

"Hamjaonana?"

"Bado. Ananishika tu hapa." Akagusa mkono wake wa juu. "Kila jioni anaminya hapa, halafu anatulia, kama mtu amekuta mlango umefungwa vizuri. Nilidhani ndiyo mapenzi ya mtu mzima."

Nilimwambia mficha uchi hazai. Akacheka, akasema yuko ndani ya ndoa, watoto watakuja. Lakini alipokuwa akiondoka alinikumbatia muda mrefu, na nilihisi moyo wake unakimbia kwa nguvu chini ya ile nyama yote. Niliumia sana. Watu wawili walilala kitanda kimoja usiku baada ya usiku, na hakuna aliyeujua mwili wa mwenzake.

Mwishoni mwa mwaka wa pili wa ndoa yao nilikwenda Bumula kumshonea mapazia. Ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana, jua kali. Mimi na Ivy tulikuwa tumekaa kibarazani tukibambua njugu, na Hesbon alikuwa nyuma ya nyumba anasikiliza redio. Yule mama wa kikapu akaingia langoni. Nikamwona Ivy ameacha kubambua, kwa sababu mpaka hapo alikuwa akikutana naye sokoni tu, kwa siri.

"Hodi hapa! Nimepita karibu nikasema wacha nilete ya wote," yule mama akasema kwa furaha, akaketi akafungua kikapu. Akatoa vifurushi viwili. "Hii ni ya mama. Na hii ni ya baba. Sikujua kama ni nyumba moja, mpaka jana mtu akaniambia! Nikasema, si hao wamependana!"

"Baba gani?" Ivy akauliza.

"Si baba ya hapa? Hesbon wa ofisi. Huyo ni mteja wa zamani, tangu azike yule mama mwingine. Ya kwake nimeweka mingi, yeye humeza mara mbili."

Redio ilizimwa. Hesbon akatokea kwenye kona ya nyumba, akaona vifurushi viwili juu ya mkeka kati ya maganda ya njugu. Sijawahi kuona mtu mnene akinyauka, lakini siku hiyo niliona. Yule mama alitutazama mmoja mmoja, akakusanya sabuni zake, akaenda bila kuaga.

"Yako ni ya nini?" Hesbon akamuuliza mkewe. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ya kukupata wewe," Ivy akasema. "Na yako?"

Alikaa chini, pale pale kwenye mchanga, na suruali yake ya pasi. "Baada ya mazishi nilianza kukonda," akasema. "Kwa ofisi wakaanza kuninyamazia. Nikiingia, wanamaliza hadithi. Sikuenda kupimwa. Ningeenda aje? Nikasema nikirudisha mwili, labda ni huzuni tu ilikuwa. Na mwili ukarudi."

"Ukanioa."

"Nilikuona una afya. Nikasema huyu ana damu nzuri. Nikasema labda..." Akaanza kulia, na mashavu yake makubwa yakatetemeka, na hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa. Ningemtukana nani? Alidanganywa na mwili wa uongo, naye akadanganya kwa mwili wa uongo. Wale wote waliominya mkono wa Ivy sebuleni hawakuwa wameshika chochote.

Jumatatu Ivy alikuwa Kitale kwangu. Hesbon alikataa kuja. Tulikwenda kwa daktari mmoja aitwaye Gicheru, mtu wa maneno machache, akampima vyote: virusi, sukari, presha. Safari hii mistari kwenye kipimo cha virusi ilikuwa miwili: anavyo. Ivy aliitazama, kisha akaniuliza mimi, si daktari, "Nilikuwa mzima, si ndiyo, senge? Ile siku tulikula chapati?" Nikamwambia ndiyo, mama, ulikuwa mzima kabisa.

Daktari Gicheru alieleza kwa lugha ya kueleweka. Virusi vina dawa siku hizi, mtu anaishi, analea watoto. Lakini vile vidonge vyeupe vinaua askari wa mwili, vinapandisha sukari, vinaficha homa mpaka homa imeshamaliza kazi. Lazima aviache. Si kwa ghafla, apunguze kidogo kidogo, daktari mwenyewe akimsimamia. Mwili utashuka, akasema, utarudi ulivyokuwa.

Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo tu, na halikuwa na njia ya pembeni. Akonde aishi, au anenepe afe. Kwangu mimi hilo halikuwa hata swali. Lakini mimi sikuwa naishi Bumula.

Alijaribu, msije mkasema hakujaribu. Alipunguza vidonge kama alivyoambiwa, akameza dawa za kliniki, na mwili ukaanza kushuka. Uso wake ulirudi. Siku moja alikuja kwangu nikamwona tena yule msichana wa magunia ya mbolea, macho makubwa, shingo ndefu, nikafurahi mpaka nikampigia vigelegele mbele ya wateja. Akaniomba ninyamaze.

"Wameshaanza," akasema. "Mama mkwe ameuliza kama nakula. Juzi nimepewa chai kwa kikombe cha plastiki, wengine wote wako na vile vya udongo. Hakuna mtu alisema kitu. Wamenipa tu."

"Kirushe hicho kikombe!"

"Na Hesbon bado anameza vyake. Ananona. Kanisani wanamwangalia yeye, halafu wananiangalia mimi, na wanamhurumia yeye. Ati amepata tena ingine kama ile ya kwanza. Senge, ni mimi nitakuwa nimemleta huu ugonjwa."

"Rudi hapa kwangu. Leo. Usirudi huko hata kuchukua nguo."

"Nirudi nikiwa hivi?" Akanyoosha mikono yake myembamba mbele yangu. "Kitale yote ijue?"

Nililia, nikamkemea, nikamwambia sisi sote tuko hivi, angalia mikono yangu, angalia ya baba yako. Nilimwambia wacha waseme, maneno hayavunji mfupa. Akasema Hesbon amepiga magoti. Amemwomba arudishe mwili kidogo tu, mpaka dada yake mdogo aolewe, wakwe wapya wasije wakaogopa boma. Akitoka hapo ataacha. Aliniachia dawa za kliniki kwenye kabati langu, ati mama mkwe hupekua chumbani, na atakuwa akija kuzichukua. Hakuja.

Nilikwenda Bumula kumchukua kwa nguvu. Nikamkuta sebuleni, mnene kuliko siku ya harusi, amevaa kitenge kipya, mama mkwe amemkalia karibu wakicheka. Chai yake ilikuwa kwenye kikombe cha udongo. Aliponisindikiza mpaka langoni nilimwambia anakufa. Akasema, "Najua, senge. Lakini wananishika mkono."

Kifua kilimpata mvua zilipoanza. Hakukohoa sana wala hakuchemka mwili, vidonge viliificha homa yote kama daktari alivyosema. Lenah, mdogo wake, alitumwa kutoka kwetu kwenda kumwuguza. Siku ambayo Ivy alishindwa kusimama, sukari ilikuwa imepanda na mapafu yote mawili yameshaoza. Alifia hospitalini Bungoma, na alikuwa na miaka ishirini na saba.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Wahenga hawakuwahi kuviona vile vidonge. Tulimzika Bumula, kwa mumewe, na kabla ya ibada sanduku lilifunguliwa watu wapite kumuaga kama ilivyo desturi. Nilisimama upande wa kichwa. Walipita wengi, na kila aliyepita alimtazama uso, kisha akatazama mikono iliyokunjwa juu ya kifua, na niliona mabega yao yakilegea kwa faraja.

"Ameenda na mwili wake wote."

"Angalia vile amelala. Ni presha tu hii. Presha inamaliza watu wanene."

Mama yake Hesbon alilia kwa uchungu wa kweli, akasema huyu tumemzika kwa heshima. Hesbon alikuwa ameketi mstari wa mbele, suti nyeusi, shingo imejikunja mara mbili, na wasichana wawili wa kwaya walimletea maji.

Senge hupewa nafasi ya kusema. Nilichukua spika nikasema. Nilisema Ivy alikuwa na virusi, na aliletewa humu humu nyumbani. Nilisema alikuwa na dawa za kumweka hai, ziko kwenye kabati langu hivi sasa, akaziacha kwa sababu mlimbadilishia kikombe. Nilisema msimtazame mwili, mwili huo ndio uliomuua, na mwenye kumtaka Hesbon ampeleke kwanza akapimwe. Kisha mwongoza matanga, mzee mstaarabu mwenye tai, akanitoa spika mkononi taratibu.

"Tumwelewe senge," akasema. "Uchungu umemzidi. Nyinyi wenyewe mmemwona marehemu. Kwaya, tafadhali."

Wakaimba. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu yangu akanipigapiga mgongoni akaniambia pole, nilie, nitoe yote. Walikuwa wameona kwa macho yao, na mimi nilikuwa na maneno tu.

Lenah nilirudi naye Kitale. Ana miaka kumi na tisa, mrefu, mikono kama ya Ivy. Hakuwa amelia hospitalini wala kaburini, na mimi nilimwacha, nikijua kila mtu ana saa yake. Alinisaidia kufagia veranda na kushona vifungo. Siku ya nne, nikiwa nakata kitambaa, akaniuliza bila kuinua macho.

"Senge, vile vidonge vya Ivy vilibaki, uliweka wapi?"

"Nilivitoa kwenye mkoba wake, nikavitupa chooni."

"Vyote?"

"Vyote. Ulikuwa unavitaka vya nini?"

Nilidhani anataka kuvionyesha kwa daktari, au kuvichoma moto, na moyo wangu ukamwendea. Akaweka sindano chini. Akakunja mikono yake kifuani, akaificha ndani ya sweta.

"Desemba kuna watu wa Kiminini wanakuja kuniona," akasema. Na hapo machozi yakamtoka, yale yote aliyokuwa ameyazuia. "Senge, si uliona vile Ivy alikuwa mzuri kwa sanduku?"